Kabla Hujaenda Kudai Njia ya Miguu Mtaani Kwenu

Wiki hii dada mmoja wa Mbagala ameniandikia. Mtaani kwao wanafunzi wanatembea juu ya lami, bega kwa bega na bodaboda, kwa sababu mtaro wa pembeni uko wazi. Anauliza aanzie wapi.

Dada yangu, hayo nimeyapitia. Kwetu mfuniko wa mtaro ulivunjika mbele ya shule ya msingi, nondo zikabaki zimechomoza. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alitumbukia mguu hadi gotini. Nikapiga picha, nikapima shimo kwa futi kamba, nikaandika barua. Ofisa aliyenipokea alichungulia dirishani, akaiona baiskeli yangu, akasema: "Kijana, tafuta gari, haya utayasahau." Neno lile linaniuma hadi leo. Nilirudi na mwenyekiti wa mtaa, nikarudi na akina mama lishe wa pale shuleni, na mwezi uliopita mifuniko mipya imewekwa. Nilisimama nikawatazama watoto wakipita juu yake. Najivunia, sifichi.

Kwanza, jua barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara, za mitaani ziko TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Ukikosea mlango, barua inalala kabatini. Pili, wahi bajeti, maana mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Tatu, usiende peke yako. Narudia, usiende peke yako! Dar es Salaam tuna UWABA, umoja wa waendesha baiskeli, watafute.

Na mtu asikuambie haiwezekani. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Barabara ya Morogoro mwaka 2016, njia za miguu na za baiskeli zilikuwa zimejengwa kandokando ya barabara hiyohiyo. Jamani, kila abiria wa daladala anaanza safari kwa miguu na kuimaliza kwa miguu. Tukinyamaza, tunakubali kwamba maisha yetu ni ya pembeni, mtaroni. Tusikubali. Na wewe mwenye bodaboda unayeegesha juu ya njia ya miguu, mwanao anapita wapi?

Barua iwe na nakala mbili. Yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Ndio ulioniokoa nilipoambiwa barua yangu haikufika. Ambatisha picha, vipimo na saini za majirani. Ikiwa tayari, nitumie niisome kabla hujaipeleka.