Pumzi Imefika, Mfupa Bado Uko Njiani

Alhamisi usiku nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha nne simu ikatetema. Msomaji mmoja wa Molo: "Mwalimu, habari ya jioni. Niko wiki ya sita ya kukimbia. Pumzi imekubali, nafika kilomita 8 bila kusimama. Shida ni muundi wa kulia, unaniuma hata nikilala. Ninunue kiatu gani?"

Nilisoma nikacheka. Nikasoma tena nikaacha kucheka. Nikapandisha suruali nikashika ugoko wangu mwenyewe, upande wa ndani, shubiri moja juu ya kifundo cha mguu. Pana kinundu pale, kidogo kama punje ya dengu. Ukipitisha kidole utakipata.

Kwanza niruhusuni nijisifu, maana nimengoja siku nyingi. Jumapili ya juzi nilimaliza kilomita 21 Kisumu kwa saa 2 na dakika 11. Nina miaka 41, watoto wawili, na vipindi 24 kwa wiki. Medali inaning'inia kwenye msumari wa jikoni, pale kilipokuwa kichujio cha chai. Na wewe unayesoma hapa najua unataka hiyo hiyo, halafu siku moja kilomita 42. Tusidanganyane kwamba tunakimbilia afya tu.

Nilianza Januari mwaka juzi nikiwa na kilo 72. Kulikuwa na kundi hapa Nakuru lililokutana kila Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri, tunapanda Menengai. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, ukingo wa kreta, lile shimo la volkano kule juu, uko mita 2,278, kwa hiyo unapanda zaidi ya mita 400 kabla jua halijachoma. Kupanda kulinitoa roho. Nikabuni ujanja: napanda nikitembea, nashuka nikiruka. Kushuka nilipita wanaume! Kiongozi wetu, ambaye ukocha wake ulikuwa saa ya bei ghali mkononi, alinisifu mbele ya watu. Nikalewa sifa.

Jumatatu zilinifunza jambo la kwanza, nami nikalipuuza. Nilikuwa nashuka ngazi za maabara kinyumenyume, nimeshika ukuta, wanafunzi wakipeana macho. Unaposhuka mlima, msuli wa mbele ya paja unafanya kazi ya breki: unajikaza huku unavutwa urefuke. Hakuna kazi inayouchana msuli kama hiyo, na maumivu yake hukomaa siku ya pili au ya tatu, si siku ile ile. Ila msuli una damu nyingi na hauna kinyongo. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nashuka ngazi kama kawaida, nikajiambia mwili umezoea.

Hapo ndipo niliponaswa. Kilichozoea kilikuwa moyo, mapafu na msuli. Hivyo hubadilika kwa wiki. Kano, zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa, na mifupa yenyewe huhesabu kwa miezi, na havina sauti mpaka siku vinapoharibika.

Aibu yangu ni kwamba mimi ni mwalimu wa baiolojia. Tegemezo na mwendo ni mada ya kidato cha nne. Nimechora ubaoni mkono ulioshika mzigo, kiwiko kikiwa egemeo, mpaka naweza kuuchora nikiwa nimewapa wanafunzi uso. Msuli umeshikamana karibu mno na kiungo, mzigo uko mbali, kwa hiyo msuli hulazimika kuvuta kwa nguvu inayozidi mzigo mara nyingi. Mwitaliano mmoja, Giovanni Alfonso Borelli, alishapiga hesabu hizi katika karne ya 17. Alifariki mwaka 1679 na kazi yake ikaanza kuchapishwa mwaka uliofuata. Miaka zaidi ya 300 baadaye mimi nilikuwa naifundisha kutoka saa mbili hadi saa mbili na dakika arobaini, kisha naenda nyumbani kufunga kamba za viatu bila kuifikiria.

Hebu tuipige pamoja. Ukikimbia, ardhi inakusukuma juu kwa nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wako. Tuseme mara 2 na nusu: kwangu mimi wa kilo 72, hizo ni kilo 180. Sasa tazama wayo wako. Kano ya kisigino imeshika kama sentimita 5 nyuma ya kifundo. Sehemu ya mbele ya wayo, ile inayosukuma ardhi, iko kama sentimita 12 na nusu mbele yake. Wenzo huo hauna huruma: shavu la mguu linapaswa kuvuta mara 2 na nusu ya zile kilo 180, yaani 450. Na kifundo kilicho katikati hubeba zote mbili zikijumlishwa, kilo 630.

Gunia la mahindi ni kilo 90. Hayo ni magunia 7, yamewekwa juu ya kifundo kimoja kwa muda usiofika theluthi ya sekunde, kisha yanashushwa, kisha yanawekwa tena. Kilomita moja ina hatua kama 1,200, kwa hiyo kila mguu hupokea magunia hayo mara 600. Hesabu ya kukadiria, sawa, lakini mtu wa Kitale akisikia magunia 7 anaelewa bila mimi kufafanua.

Mfupa mzima unaweza kubeba hivyo. Tatizo ni kwamba haukai mzima. Watu hufikiri mfupa ni kama nguzo ya stima, ukishasimamishwa basi. Mfupa ni kama barabara ya Nakuru kwenda Eldoret: kila siku pana mahali panakarabatiwa. Na umewaona mafundi wa barabara? Kwanza wanachimba shimo la mraba, safi kabisa, wanaweka matawi ya miti, wanaondoka. Kujaza ni siku nyingine. Mfupa hufanya vilevile. Ukiupa kazi mpya, seli za kubomoa hutangulia, huchimba kwa wiki kama 3. Seli za kujenga hufuata nyuma, nazo huchukua kama miezi 3 kujaza shimo lile lile. Katikati hapo malori hayaachi kupita.

Kwa hiyo mtu wa wiki ya sita, ndugu yangu wa Molo, ana pumzi bora kuliko aliyokuwa nayo siku ya kwanza, na pengine mfupa dhaifu kuliko wa siku ya kwanza. Rudia sentensi hiyo. Daktari mmoja wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika mwaka 1855 juu ya askari waliovimba miguu kwa kupiga kwata. Walikuwa vijana, na hakuna aliyewapiga. Miguu ilichoshwa tu na hatua.

Mimi maumivu yalianza mwezi wa nne. Mwanzoni yalikuja nikianza kukimbia, yakapoa nikipata joto. Kisha yakawa hayapoi. Kisha yakawa yanakuja usiku. Na yalikuwa mahali pamoja: ningeweza kuyafunika kwa ncha ya kidole kimoja. Shikeni hilo. Maumivu yaliyosambaa kwenye muundi kama kipande cha kitenge, mara nyingi ni ngozi ya mfupa na misuli inayolalamika. Pumzika siku kadhaa, punguza, yatatulia. Maumivu ya kidole kimoja, yanayokurusha ukiruka kwa mguu huo mmoja, ni ya kwenda hospitali.

Nilienda. Kliniki moja hapa mjini, sitaitaja, wakapiga eksirei ikatoka safi. "Mama, hii ni misuli tu." Nikapewa vidonge vya maumivu. Ufa mchanga wa mfupa mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki 2 au 3 za mwanzo. Huonekana mfupa ukishaanza kujiziba. Kipimo cha MRI ndicho huuona mapema, ila bei yake mnaijua. Mimi nilichosikia ni neno moja, "tu". Nilikimbia wiki 3 juu ya vidonge.

Sikuanguka mlimani. Ingekuwa afadhali, ningekuwa na hadithi. Nilishuka boda boda langoni mwa shule nikakanyaga kwa mguu wa kulia, nikajikuta nimekumbatia kiti cha pikipiki kama mlevi, mwenye boda akiniuliza kama nina chenji. Eksirei ya pili: mstari mwembamba kama unywele, na kivuli cheupe kuuzunguka. Daktari akasema nina bahati, umepasuka upande wa ndani na nyuma, ule unaobanwa. Mfupa hustahimili kubanwa kuliko kuvutwa. Pinda muwa gotini uone, unachanika kwanza upande wa nje, ule unaovutwa. Ufa wa mbele ya ugoko ndio unaovutwa kila hatua, na hukawia sana kupona.

Sasa akina baba mtanivumilia. Huyo daktari wa pili, mama wa makamo, aliweka picha chini akaniuliza, "Siku zako zinakuja?" Nikanyamaza. Zilikuwa zimekatika tangu Machi, na mimi nilikuwa nimefurahi! Nilidhani ndiyo dalili ya kuwa mkimbiaji kweli. Nilikuwa nimetoka kilo 72 hadi 58 kwa miezi 5. Mchana nilikunywa chai ya rangi, jioni tunda, ugali niliutazama tu. Alinieleza polepole, kama vile mimi huwaeleza wanafunzi wa nyuma ya darasa: mwili usipopata chakula cha kutosha hufunga kwanza duka la uzazi. Hedhi ikikatika, estrojeni, ile homoni ya kike, imeshuka, na estrojeni ndiyo huwazuia wale wabomoaji wa mfupa. Mimi niliwafungulia lango, kisha nikawapa malori.

Nililia kwenye gari la jirani yangu, si kwa ajili ya mguu.

Wiki 10 bila kukimbia, za kwanza nikiwa na magongo. Katika kundi letu la WhatsApp nilituma picha ya eksirei. Mtu mmoja akajibu, "Miguu mingine ni ya kusimama ubaoni." Watu 14 wakaweka vicheko. Niliwahesabu, nilikuwa kitandani nina muda. Hakuna hata mmoja aliyekuja nyumbani. Aliyekuja ni mama mkwe, kutoka Butere, na kuku miguuni ndani ya matatu. "Mama Ayuma," akasema, "mtu mzima akimbie, anakimbizwa na nani? Hayo magoti yatakwisha." Kuhusu magoti sikubaliani naye mpaka leo: gegedu la goti, ule mto laini kati ya mifupa, halina mishipa ya damu, hulishwa kwa kubanwa na kuachiliwa kama sifongo, na goti linaloketi tu halili. Lakini alinipikia uji wa wimbi kila asubuhi na omena kila jioni, wazima na mifupa yao, na kama kuna chakula kilichojaa kalisi, madini ya kujengea mfupa, mahali petu ni hivyo viwili. Hedhi ilirudi mwezi wa nane. Sijawahi kufurahia maumivu ya tumbo hivyo.

Kurudi kulikuwa polepole, na sitawachosha nako. Kutembea dakika 4, kukimbia 1. Kisha 3 kwa 2. Kila nilipotaka kuongeza, nilingoja wiki nyingine. Nikisonga ugali nilisimama kwenye kizingiti, visigino vikining'inia, nikijiinua na kujishusha polepole mara 15, mara 3. Baadaye mguu mmoja. Baadaye nikiwa na begi la Ayuma mgongoni lenye pakiti 3 za unga za kilo 2. Msuli wenye nguvu humeza sehemu ya pigo kabla halijafika mfupani. Uliochoka huuacha mfupa upinde peke yake. Nikafupisha hatua pia, zikaongezeka kutoka 158 kwa dakika hadi 168, na goti likashukuru siku hiyo hiyo. Menengai napanda nikikimbia, nashuka nikitembea. Wanaume wananipita. Wapite.

Sasa msikie, vijana. Mnaona Faith Kipyegon, binti wa Keringet hapa hapa kaunti yetu, akikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 48.68 kule Eugene, Marekani, mwaka 2025, na macho yenu yanaenda kwenye kiatu. Mnaruka mguu! Mfupa hujipanga kulingana na kazi unayopewa. Mjerumani Julius Wolff aliandika hivyo mwaka 1892, na wanaanga wanaoelea bila uzito hupoteza asilimia 1 au zaidi ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Wewe na mimi tumekuwa wanaanga wa ofisini miaka 15. Usije ukamdai mfupa kwa wiki 6 deni la miaka 15. Kula. Ngoja. Ukiona umengoja vya kutosha, ngoja tena. Na dada yangu, siku zako zikikatika usishangilie, nenda ukaonwe.

Yote haya nilimwandikia yule wa Molo, kwa ufupi kidogo. Nikamwambia aache kukimbia kesho yake, aende hospitali, aseme waziwazi ni maumivu ya kidole kimoja na ya usiku, na eksirei ikitoka safi asikubali iishie hapo. Saa tano usiku akajibu: "Asante sana Mwalimu, nimeelewa. Na kiatu?"

Changu nilikinunua soko la Kibuye, Kisumu, mtumba, shilingi 1,800. Cha kulia kina shimo kwenye kidole gumba.