Mwanangu, kabla hamjaenda kuichukua hiyo mashine Jumamosi

Mwanangu, marahaba. Meseji yako nimeisoma jana usiku nikairudia tena asubuhi, maana swali umeliandika kwa haraka kama dogo lakini lina mambo. Unasema nyumba mliyohamia ina uwanja wa kama robo tatu ya eka, yaani karibu mita za mraba 3,000, nyuma kuna mteremko unaoishia mtaroni, ile mashine ya kusukuma ya kukatia majani inawamaliza nguvu, na mwenzio kapata mtu anauza mashine ya kukalia iliyotumika, ile unakaa juu unaendesha kama trekta dogo, anataka mkaichukue Jumamosi. Wewe unaona bora muwaite watu wa kufyeka waje wakate waondoke. Na mmeshaanza kununiana. Unataka mama yako aseme nani yuko sahihi, hapo siingii, ila kwenye majani nna maneno maana nimeziendesha hizo mashine miaka na watu wa kufyeka nao nimeshawalipa sana.

Tuanze na upande wa mwenzio maana hajakosea kila kitu. Ya kusukuma inakata upana wa kama sentimita 53 hivi kwa mkupuo, ya kukalia ya kawaida ni inchi 42, hapo ni mita moja na ushee. Kwa uwanja wenu, ukihesabu na kugeuza na kukwepa miti, ya kusukuma inakula kama saa mbili na ya kukalia kama dakika 40. Ni tofauti kubwa hasa mtu akiwa katoka kazini mgongo unamuuma. Ila hakuna anayesema ukweli huu dukani, kwamba mashine ya kukalia haiingii kwenye kona, haifiki chini ya matawi, haigusi kando ya uzio wala kuzunguka shina la mti, kwahiyo ukishuka unachukua ile ya uzi ya kubeba mkononi unaanza kuzunguka kwa miguu vilevile. Dakika 40 zinakuwa saa na zaidi, na bado hujakwangua majani yaliyogandia chini ya deki, yaani lile bati linalofunika visu, na yasipokwanguliwa yanakaa na unyevu bati linaoza.

Sasa hesabu ya hela. Watu wengi wanachukua bei ya mashine wanagawanya kwa bei ya kukatiwa mara moja, tuseme inatoka mara 100, wanasema haya, kwa mwaka tunakatiwa kama mara 25 basi miaka minne imejilipa. Hapo wanafunga daftari. We usifunge. Weka oili na filta yake, filta ya hewa, plagi, kunoa visu na siku moja kuvibadilisha, mkanda wa deki, betri, petroli, alafu weka na kuipeleka kwa fundi, maana hiyo sio kitu cha kutupia kwenye buti, inataka tela au pikapu, na fundi akija nyumbani safari yake unailipia wewe. Upande wa pili uwe mkweli pia, mashine iliyotunzwa inauzika na hela kidogo inarudi, lakini ulizolipa watu wa kufyeka ndo zimekwenda hivo.

Ila mimi kinachonisumbua zaidi sio hela, ni hiki hapa. Chukua zile dakika 40 zidisha kwa mara 25. Unapata kama saa 17. Kwa mwaka mzima! Mashine zenyewe watengenezaji wengi wanakwambia umwage oili kila baada ya saa 50 za injini au mara moja kwa mwaka, nyie hizo saa 50 itawachukua karibu miaka mitatu kuzifikia. Yaani mnanunua injini kubwa, deki, matairi manne, betri, ije ilale. Na hizi mashine kinachoziua haraka sio kazi, ni kulala. Petroli ikikaa kwenye tenki zaidi ya mwezi bila dawa ya kuihifadhi inaanza kuharibika inaacha utando kama gundi ndani ya kabureta, betri inaisha chaji yenyewe, panya wanaingia chini ya kava la injini wanajenga na kutafuna nyaya, siku majani yameshapanda mnataka kukata haiwaki, na siku hiyohiyo kila mtu na mashine yake kapanga foleni kwa fundi. Ndo maana mwenye eka mbili tambarare akiniuliza namwambia nunua hata leo, itafanya kazi italipa. Nyie mna robo tatu ya eka na sehemu yake ni mteremko.

Na huo mteremko ndo umenifanya nikae niandike badala ya kukupigia. Vitabu vya hizi mashine vingi vinasema usizidi nyuzi 15. Sasa nyuzi 15 mtu anazionaje kwa macho, haoni, anaona tu kilima kidogo anasema kinapandika. Chukua ubao wa mita moja na pima maji ya fundi, ncha moja ya ubao iguse ardhi upande wa juu wa mteremko, ubao ulale sawa mpaka lile povu likae katikati, alafu pima kutoka ncha ya pili kushuka chini mpaka ardhini. Ikizidi sentimita 27 hapo pamezidi nyuzi 15, mashine ya kukalia isitie tairi hapo, na usikubali mtu akwambie yeye anajua kuendesha. Pima sehemu tatu nne, haswa pale juu ya mtaro. Hata pakiwa chini ya hapo, ya kukalia inakata kwa kupanda na kushuka, haikati kwa kukatisha ubavuni maana inapinduka, na ya kusukuma ni kinyume chake, unakatisha ubavuni ili ukiteleza mguu usiende chini ya deki na isikushukie wewe. Majani yakiwa na umande au mvua hakuna cha kupanda wala kushuka, mnasubiri yakauke. Zile za kisasa za fimbo mbili zinazogeuka palepale ndo mbaya zaidi mteremkoni, magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza na usukani umekwenda, maana zinageuzwa na hayohayo magurudumu.

Na wajukuu zangu. Hakuna kumpakata mtoto juu ya hiyo mashine hata dakika moja ya kupiga picha, na mashine ikiwa inafanya kazi watoto wako ndani mlango umefungwa na kuna mtu mzima anawaangalia. Mtoto akishawahi kupakiwa mara moja kila akiisikia anaikimbilia, na anayerudi nyuma hamuoni. Hili sijadili.

Kwahiyo ushauri wangu, msinunue saa hizi. Chukueni watu wa kufyeka msimu mmoja mzima wa majani kuota, muone uwanja wenyewe unataka nini, wapi panatuama maji, wapi ukoka unaota kwa fujo na wapi hauoti kabisa, maana nyumba ngeni huijui mpaka uishi nayo. Kile kipande cha mteremko wala msikipiganie, pandeni mimea ya kutambaa au vichaka vifupi vishike udongo, msahau kukikata. Ukishakitoa hicho, kilichobaki labda ya kusukuma yenye kujivuta yenyewe inakitosha, na bei yake ni ndogo mbali sana na hiyo ya kukalia. Najua mwenzio hatafurahi, wanaume na kitu chenye usukani tena.

Ila na wewe usidhani ukilipa mtu ndo umemaliza. Hao nao wana vituko vyao. Anayekuja kwa kalenda, kila wiki mbili mvua inyeshe jua liwake, msimu wa kuota atakuta majani yamerefuka atayakata mpaka chini, na ukoka hautaki kukatwa zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja, ukizidisha unakuwa wa njano na magugu yanapata nafasi. Mwambie unataka aje kufuata majani, yakiota haraka kila wiki, yakipoa asije wala usilipie. Akija ardhi imelowa mrudishe, zile mashine zao nzito zinaacha mifereji ya matairi inayokaa miezi. Muombe aoshe deki kabla hajashusha mashine maana ametoka kwenye uwanja wa mwingine na mbegu za magugu zinasafiri humo. Majani aliyokata kama ni mafupi ayaache hapohapo, yakioza yanarudisha naitrojeni, hiyo ni mbolea ya bure. Na kubwa kuliko yote ni kijana wa mashine ya uzi, mwonye kwenye miti michanga, ule uzi ukizunguka shina mara kwa mara unachuna gome na mti unakufa pole pole mnabaki kulaumu wadudu. Muulize pia jiwe likiruka likavunja kioo chako au cha jirani analipa nani, kama ana bima akuonyeshe karatasi. Mara ya kwanza lipia mkato mmoja tu usimame uangalie, mkataba wa msimu baadaye.

Mwenzio akishikilia kwamba lazima mwende kuiona hiyo ya kuuza, nendeni, kuona sio kununua. Kabla muuzaji hajaiwasha weka mkono karibu na injini, ikiwa ina joto ujue kaiwasha kabla hamjafika na ana kitu anaficha kwenye kuwaka kwake ikiwa baridi. Soma mita ya saa za injini alafu uangalie mpira wa pedali na kiti, saa zikiwa kidogo na mpira umelika mpaka chuma, hiyo mita muulize vizuri. Izimwe, waya wa plagi utolewe, mwenzio avae glavu ashike kisu chini ya deki akitikise, kikicheza juu na chini au kikizungushwa kinakwaruza, beringi zimekwisha. Gonga bati la deki kwa chini usikie kama limeoza. Alafu muombe aiendeshe muda mrefu, sio kuzunguka mara moja, kama dakika 20 mpaka ipate moto kisawasawa ndo mpande nayo kilima kidogo. Hizi za kukanyaga pedali tu bila kubadili gia, za haidrostatiki, zikichoka zinakwenda vizuri zikiwa baridi na zikipata moto zinaishiwa nguvu, na kwenye mashine za bei nafuu lile boksi limefungwa jumla, fundi hafungui, mnanunua jipya na bei yake inaweza kukaribia ya mashine yenyewe. Muuzaji akisema hana dakika 20, mmeshajibiwa.

Na kabla hata ya kutoka nyumbani nenda na utepe ukapime geti la pembeni unalosema ni jembamba. Hiyo inchi 42 ni upana wa kukata tu, ukiongeza bati la kutolea majani pembeni inazidi hapo vizuri tu, na kama haipiti getini basi ugomvi wenu umeisha wenyewe. Nitumie hiyo namba na picha ya mteremko ukiwa umeweka ubao, na umwambie mwenzio asitoe kishika nafasi mpaka tuongee. Msalimie sana, na watoto wabusu.

Mama