Umemwona akila? Ushauri kwa anayetaka kusoma mafuvu ya wanyama

Nilipokuwa nikiandaa kazi yangu ya mwisho wa masomo ya biolojia hapa Bukavu, niliandika sentensi moja inayonitia haya hadi leo. Nilidai kwamba gorila dume, kwa kuwa ana chonge ndefu kuliko za mbwa yeyote wa mtaani kwetu, ni lazima awe mnyama wa kuua. Msimamizi wangu hakuifuta sentensi hiyo. Aliandika pembeni yake kwa kalamu nyekundu: «Umemwona akila?» Sikuwa nimemwona. Nilipopanda hadi Tshivanga, katika mbuga ya Kahuzi-Biega, nilimkuta dume mzima mwenye mgongo wa mvi ameketi akimenya machipukizi ya mianzi kwa utulivu, kama mtu anayekula muwa mbele ya mlango wake.

Tangu hapo wanafunzi wanaonijia wakitaka kuandika juu ya mafuvu, taya na tabia za wanyama nawaambia waanze na mbuzi. Kichwa chake kinapatikana kwa bei nafuu katika soko la Nyawera au Kadutu, na hakuna sheria inayovunjwa kwa kukinunua. Kumbuka tu kumwomba muuzaji asikipasue kwa panga. Mama niliyemzoea alinitazama kwa huruma siku ya kwanza nilipomwomba hivyo, akaniuliza, «Mwanangu, sasa ubongo utautoaje?» Nilimwambia kwamba sikuhitaji ubongo, naye akanipunguzia bei, nadhani kwa kuamini kwamba nyumbani kwangu mambo hayakuwa sawa.

Katika kusafisha kichwa nilikosea mara mbili. Kwanza nilikichemsha kwa moto mkali hadi maunganiko ya mifupa ya pua yakaachana. Kisha nikakitia katika maji ya javeli, yaani dawa ya kung'arisha nguo, ili kiwe cheupe, na baada ya miezi michache mfupa ukaanza kumomonyoka kama chokaa. Njia ya polepole ndiyo bora: toa ngozi na nyama kwa kisu, loweka kichwa kwenye ndoo yenye kifuniko kwa wiki kadhaa huku ukibadilisha maji, ondoa mafuta kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga, kisha umalizie kwa maji ya oksijeni (hydrogen peroxide) yanayouzwa kwenye famasi. Vaa glavu, na uiweke ndoo mbali na majirani, kwa maana harufu yake haina adabu.

Kichwa kikishakauka, usikimbilie meno. Shika taya ya chini, irudishe mahali pake, uisogeze. Taya ya mbuzi huteleza kwenda kushoto na kulia, kwa sababu kiungo chake ni bapa na kiko juu sana kuliko mstari wa magego. Kwa kuwa kiko juu hivyo, magego ya juu na ya chini hukutana karibu kwa wakati mmoja, kama mawe mawili ya kusagia. Kwa mbwa mambo ni tofauti kabisa. Kiungo kiko karibu usawa wa meno, na kichwa cha taya kimelala ndani ya mfereji kama mhimili wa mlango, hivyo taya hufunguka na kufunga bila kuyumba sana, nayo meno ya pembeni hupishana kama makali ya mkasi kuanzia nyuma kuelekea mbele. Mbuzi ana meno 32 na hana meno ya mbele katika taya ya juu, bali ufizi mgumu tu. Mbwa ana 42. Lakini hesabu hiyo utaielewa vizuri zaidi ukishaelewa kiungo.

Baada ya kiungo, tafuta alama za misuli. Msuli unaofunika upande wa kichwa juu ya sikio huwa mkubwa kwa wanyama wanaokula nyama, ilhali msuli wa shavu ndio hutawala kwa wanyama wanaosaga majani. Lakini gorila dume huharibu kanuni hiyo iliyonyooka: katikati ya utosi wake kuna ukingo mrefu wa mfupa ambao misuli hiyo ya pembeni hujishikiza, naye huitumia kutafuna mimea yenye nyuzi siku nzima. Taya ni wenzo. Ukitaka kuvunja kitu kigumu, unakipeleka kwenye magego na si kwenye meno ya mbele, kwa sababu kadiri kitu kilivyo karibu na kiungo na misuli ndivyo nguvu inavyoongezeka. Ndiyo maana pia uso mfupi wa paka humpa chonge zenye nguvu kubwa kwa mwili wake mdogo.

Chonge, sasa, ndizo zinazodanganya watu. Kiboko hufungua kinywa hadi karibu nyuzi 150 na ana meno ya kutisha, lakini majani huyakata kwa midomo yake mipana. Meno yale ni ya kupigana na viboko wenzake na kujilinda. Vivyo hivyo chonge za gorila dume, zilizo kubwa kuliko za jike, zinahusu ushindani baina ya madume zaidi ya chakula. Ukiona dume na jike wanatofautiana sana kwa chonge huku wakila chakula kilekile, uliza kwanza nani anagombana na nani.

Hata jibu la swali hilo usiliamini haraka. Bonobo, ndugu wa karibu wa sokwe ambaye anaishi nchini mwetu pekee, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kusini mwa mto Kongo, alielezwa na Ernst Schwarz mwaka 1929 kutokana na fuvu dogo lililokuwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Utafiti wa muda mrefu wa tabia zake porini ulianza miaka ya 1970 tu, ndipo ikaonekana jinsi majike wanavyoungana kuwazuia madume. Fuvu lenye chonge ndogo kuliko za sokwe lisingeweza kulieleza hilo. Tena utafiti uliotolewa mwaka 2024, uliolinganisha bonobo wa Kokolopori, hapa nchini mwetu, na sokwe wa Gombe, Tanzania, ulionyesha kwamba madume wa bonobo hushambuliana mara nyingi zaidi kuliko madume wa sokwe, ingawa ni sokwe wanaojulikana kwa kuuana. Waliozoea kumwita bonobo mnyama wa amani walilazimika kueleza upya maana ya neno hilo, nami nilikuwa miongoni mwao.

Kwa wanyama wa porini, usiokote kichwa chochote. Mwaka 2025 kimeta kiliua viboko kadhaa katika mbuga ya Virunga, na vijidudu vyake hudumu udongoni kwa miaka mingi. Usiguse pia kichwa cha mbwa aliyekufa bila sababu kujulikana, kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Gorila, sokwe na bonobo wanalindwa na sheria, na mafuvu yao yanatazamwa katika mikusanyo ya watafiti tu. Kwa sisi wa Bukavu, anza kwa kuomba ruhusa katika kituo cha utafiti cha Lwiro.

Na kabla ya kupima chochote kwa rula, kaa saa moja karibu na mbuzi wa jirani anayecheua, uandike kila mara anapobadilisha upande wa kutafunia. Daftari langu la kwanza la aina hiyo lina kurasa nne na doa la chai, na ndilo pekee kati ya karatasi za mwaka ule ninalolifungua bado.