Bibi Ngoma Anajibu: Ngoma Isiyosubiri Mgeni Rasmi

Barua za mwezi huu zimenikuta kibarazani, ngoma kubwa nimeivua ngozi, nangoja ya mbuzi niliyoiloweka ilainike. Nimezisoma kwa mkono mmoja, mwingine unanuka. Kwa mliokuja leo: mimi ni mtoto wa Mpwapwa, sanaa nimefunzwa Bagamoyo miaka ya themanini, na tangu 1994 kazi yangu ni kuingia shule za msingi na sekondari na ngoma tatu, zeze moja na kikapu cha mavazi. Jina la Bibi Ngoma nilipewa na watoto wa darasa la pili. La kwenye cheti wanalijua wahasibu tu.

*

Shikamoo Bibi Ngoma. Nafundisha darasa la nne, na somo la Sanaa na Michezo nimebebeshwa kwa sababu niliwahi kuimba kwaya. Stoo kuna ngoma mbili za zamani. Zinalia kama debe la maharage, hasa mvua zikianza. Halafu kila nikiomba tufanye mazoezi, mwalimu mkuu ananiuliza, "Kwani kuna mgeni?" Nifanyeje?
Mwalimu, Kilosa

Marahaba, mwalimu. Tuanze na debe lako. Ngozi hunywa unyevu, na masika ikishakunywa hulegea. Haijafa hiyo. Zitoe stoo, uziweke kwenye jua la saa nne. Jua likikosekana, washa moto wa makuti makavu au maboksi, moto wa kuwaka upesi na kuzimika upesi, usiwe wa mkaa. Uelekeze uso wa ngoma kwenye moto, mbali kiasi ambacho kiganja chako mwenyewe kinavumilia, na uizungushe, usiikalishe mahali pamoja. Kila baada ya muda iguse ukingoni kwa kidole kimoja. Mwanzoni itasema bu, bu. Ikisema ti, iondoe hapo hapo. Ukitaka utamu zaidi utasikia mpasuko, na mpasuko dawa yake ni mbuzi mwingine.

Na umwambie mlinzi mapema. Mimi sikumwambia, katika shule moja ambayo siitaji, mwezi wa nne, mvua imenyesha usiku kucha. Nikawasha maboksi yangu nyuma ya jiko la uji, nimeinama na ngoma kubwa, nasikiliza. Yule mzee akaona moshi. Sikumsikia akija, nilichosikia ni ndoo nzima ya maji, imezima moto, imeilowesha ngoma, imenilowesha na mimi kuanzia kilemba mpaka kanda mbili. Akanipa pole sana, maskini, lakini ngozi ikawa kama chapati iliyoangukia mchuzi. Watoto wa darasa la tano, tisini na kitu, walikuwa wameshapangwa chini ya mwembe.

Kengele ya shule ile ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye tawi la mwembe huo huo. Nikaomba nondo yake. Nikawagawa watoto sehemu mbili: wa kulia wahesabu moja mbili, moja mbili, wapige makofi kwenye moja, wa kushoto wahesabu moja mbili tatu, na wao wapige kwenye moja. Mwanzo ilikuwa vurugu ya soko la samaki. Kisha wakashikana. Nikaipiga rimu pale tu makofi ya pande zote mbili yanapoangukia pamoja, kila baada ya hesabu ya sita. Mwalimu wa hisabati alikuwa amesimama mlangoni na madaftari yake ya kusahihisha. Akayaweka chini. "Bibi," akasema, "rudia hapo hapo, usibadilishe kitu. Hicho ni kigawe kidogo cha shirika cha mbili na tatu, nimekifundisha wiki mbili." Akaingia katikati yao akawauliza: upande huu wakihesabu nne badala ya tatu, bibi atapiga rimu lini? Watoto wakabishana, wakajaribu, wakapata kwenye nne, kisha wakampinga kuwa kwenye kumi na mbili pia inagonga. Ngoma yangu wakati huo imeanikwa juu ya kichaka. Haikulia wiki nzima.

Sasa la mwalimu mkuu. Mwelewe, hakulianzisha yeye. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa mwaka 1962, ngoma zilizokuwa zimedharauliwa zilitolewa uani zikapandishwa jukwaani. Ni jambo jema lile, nisingekuwa na kazi bila hilo. Ila jukwaa lina viti vya mbele, na vya mbele vina wenyewe. Taratibu shuleni ngoma ikawa kitu cha kumpokelea mtu: anashuka kwenye gari, watoto wanacheza juani, anatoa hotuba, soda, kwaheri. Hata ngonjera nayo imeharibiwa hivyo hivyo. Mshairi Mathias Mnyampala alipoisambaza ngonjera miaka ya sitini, ilikuwa mabishano: huyu hajui na anasema kwa nguvu, yule anajua na anamjibu kwa vina, mpaka mmoja akubali. Leo naenda kwenye mahafali nasikia watoto kumi na wawili wote upande mmoja, beti nane, wote wanamsifu mgeni rasmi kwa ujio wake. Wanabishana na nani?

Kwa hiyo akikuuliza kama kuna mgeni, mjibu kwa adabu kwamba kipindi kiko kwenye ratiba, na hisabati haijawahi kungoja mgeni. Kisha usianze na ngoma. Kilosa umezungukwa na Wakaguru, Wasagara na Wavidunda. Mwambie kila mtoto alete kitendawili kimoja Ijumaa, kutoka kwa mtu mzima wa nyumbani kwao, cha kitabuni hakipokelewi. Utapata vya Kikaguru usivyovijua jibu, watoto watakuomba mji, na ukiwapa utaombwa utoe miji mingine. Mwalimu akishindwa kitendawili mbele ya darasa, darasa halilali tena siku ile.

*

Assalaam alaykum bibi. Binti yangu yuko darasa la tano. Amechaguliwa kikundi cha ngoma, sasa kila jioni anakata kiuno sebuleni mbele ya baba yake na babu yake. Anasema ni sindimba ya shuleni. Sisi ni watu wa dini. Nimkataze?
Mama, Mbagala

Waalaykum salaam, mama mwenzangu. Sikuiti mshamba, na yeyote atakayekuita hivyo mwambie aje kwangu.

Sindimba ni ya Wamakonde, na asili yake iko kwenye sherehe za jando na unyago. Baada ya Uhuru ikachukuliwa na vikundi vya ngoma nchi nzima, shule nazo zikaichukua, mara nyingi zikachukua kiuno zikaacha mengine yote: ngoma ndogo inayojibizana na kubwa, miguu, ile saa ya kuingia na kutoka duarani. Ukiiona inapigwa na wenyewe huko Newala utaona kiuno ni herufi moja tu katika neno refu.

Mimi nina mipaka yangu. Nyimbo za unyago siziingizi shuleni hata nikiombwa na nani. Zina nyumba yake, zina kungwi wake na wakati wake, na mwari hafundwi kwenye mkutano wa hadhara. Na kuna jambo nalichukia zaidi ya kiuno. Niliwahi kukaa kwenye sherehe ya shule, watoto wa kike wamefungwa vitambaa viunoni, mwanamume mzima akainuka kwenda kumtunza mmoja, akambandika noti kipajini. Watu wakapiga vigelegele. Kumtunza mchezaji ni mila yetu, kweli, lakini mila ile ni ya watu wazima harusini. Nilinyanyuka nikaenda kusimama kati yao nikijifanya napanga mstari. Sikualikwa tena pale.

Kwa hiyo usimkataze kabla hujaenda kuona mazoezi. Kaa nyuma, saa nzima. Ukiona mwalimu anafundisha ngoma, utajua. Ukiona anatafuta makofi, utajua pia, na hapo una haki ya kumtoa mwanao. Unaweza vilevile kuomba abaki kikundini kwa kazi nyingine. Huko kwetu Ugogoni muheme hupigwa na wanawake, ngoma wameibana kati ya mapaja, na mama yangu alikuwa na mkono ambao wanaume walikuwa wanatoka mbali kuja kuusikiliza. Mpe mwanao fimbo ya ngoma uone. Au acheze bugobogobo ya Wasukuma, ile ya majembe, inayotoka kwenye kazi ya kulima. Humo hakuna kitakachomfanya babu ageuze kiti.

Kisha umchunguze kidogo. Kiuno unachonieleza, kile cha kutetema na kushuka chini, nina wasiwasi si cha Wamakonde. Hicho ni cha singeli, na amekitoa kwenye simu yako.

*

Bibi, shikamoo. Nimemaliza stashahada ya sanaa, tuko wanne, tunataka kuzunguka shule na hadithi na maigizo. Hii kazi inalipa?
Kijana, Songea

Marahaba mwanangu. Inalipa nauli.

Jisajilini BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na mpitie kwa afisa utamaduni wa wilaya, mumjue na awajue. Shuleni usibishe hodi kwa mwalimu mkuu bila barua ya kibali kutoka halmashauri. Atakupenda lakini atakurudisha. Na futa kabisa wazo la kila mtoto alete mia tano. Tangu 2016, elimu ilipofanywa bila malipo, mwalimu mkuu hajiamulii kuchangisha, na ukimwingiza kwenye michango utamletea matatizo wewe ukiwa umeshapanda basi. Tafuta mwenye mradi: afya, maji, misitu, haki za watoto. Wao wana fungu la kuelimisha jamii na wanahitaji watu wa kuigiza. Ila hapo nako angalia, maana watakupa igizo lililoandikwa na mtu wa ofisini, mhusika mkuu anasema "ni muhimu kuzingatia". Pokea ujumbe, andika upya maneno.

Mna bahati ya kuwa Ungonini. Jifunzeni lizombe, ngoma ya Wangoni, kwa wazee kabla hamjaitafuta kwenye video. Nendeni na sukari.

*

Shikamoo Bibi Ngoma. Sisi ni wasichana wa kidato cha tatu, bweni. Tumetunga igizo kuhusu choo chetu: maji yanakatika, mlango hauna komeo, na tukiwa kwenye siku zetu wengine hawaendi darasani. Mwalimu mlezi wa klabu amesoma akasema ni zuri, lakini tulibadilishe liwe la malaria. Tufanyeje?
Wanne, Singida

Marahaba wajukuu zangu. Nimecheka, kisha nikaacha kucheka.

Malaria ni ugonjwa mbaya, lakini katika maigizo ya shule una sifa moja kubwa: haumuudhi mtu. Mbu hana ofisi.

Hamkuanza ninyi. Mwaka 1996, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba na wenzao wa idara ya sanaa walianzisha mradi wa TUSEME kwa wasichana wa sekondari, kwa sababu wasichana walikuwa wanafeli na kuacha shule na hakuna aliyewauliza wao wenyewe kulikoni. Baadaye FAWE, jukwaa la wanawake wanaelimu wa Afrika, ikaupeleka nchi nyingine za Afrika. Namna yake ya kazi ndiyo nataka muichukue. Igizo halikuwa mwisho wa shughuli. Wasichana walitaja matatizo yao, wakayachunguza, wakatunga, wakaonyesha, halafu watazamaji wakajadili pale pale: hili limetokana na nini, nani aanze kufanya nini. Tofauti yake na risala ni kwamba risala ikisomwa watu hupiga makofi wakaenda kula.

Basi chunguzeni kwanza. Hesabuni kwa wiki mbili: siku ngapi maji hayakutoka, ndoo ngapi zilibebwa, kutoka wapi, wangapi hawakuingia darasani. Majina msiandike. Kisha angalieni igizo lenu tena, maana nimelisoma mliloniambatanishia, na lina kosa moja: mkuu wa shule mmemfanya mtu mbaya. Ana kitambi, anakula nyama, anafoka. Mtu akijiona hivyo hasikii tena chochote. Mpeni naye shida. Mwonyesheni anaandika barua ya kuomba fundi, ya pili, ya tatu, na kila barua inarudi na swali. Hapo ukumbi utacheka pamoja naye, na yeye ndiye atakayesimama wa kwanza kwenye majadiliano kueleza barua zake ziko wapi.

Mwalimu mlezi msimruke. Mwonyesheni yeye kwanza, peke yake, darasani baada ya vipindi, na mmwombe ashike nafasi ya fundi bomba. Nimeona wakali wengi wakilainishwa na nafasi yenye mistari mitatu.

Yule anayeingia chooni na kushikilia mlango kwa mguu huku anaongea, mmepatia, msimguse. Lakini ndoo yenu mmeandika "ya kufikirika". Leteni ndoo ya kweli, ijae, mmoja wenu aingie nayo kutoka nyuma ya watazamaji mpaka jukwaani, polepole kama mnavyoibeba kila asubuhi. Yakimwagika njiani, asiyafute.