Wanataka hati zangu za malipo kabla ya kuniajiri: nitoe zipi, nizibe nini?

SWALI: Mimi ni mhasibu msaidizi katika kampuni ya uchukuzi hapa Mombasa. Nimepita mahojiano ya kazi Nairobi, na sasa HR wao wanataka hati za malipo za miezi mitatu, fomu ya P9 (muhtasari wa mshahara na kodi) ya mwaka jana, taarifa ya benki ya miezi sita, na sahihi yangu kwenye fomu inayomruhusu wakala wao kunipiga msasa. Kwenye mahojiano nilisema nalipwa 120,000. Mshahara wangu wa msingi ni 85,000 na marupurupu ya nyumba 20,000; nikijumlisha saa za ziada na bonasi ya Disemba, wastani ndio unafika 120,000. Je, wana haki ya kujua yote haya? Na wakimpigia mwajiri wangu wa sasa itakuwaje, maana hajui kama natafuta kazi?

JIBU: Kenya haina sheria inayomkataza mwajiri kukuuliza unalipwa kiasi gani, wala haina inayokulazimisha kumjibu. Kwa hiyo ungeweza kutaja mshahara unaotaka na kunyamaza kuhusu ule wa sasa. Lakini umeshataja 120,000, na ukishataja kiasi, anayekuajiri ana sababu ya kutaka kukithibitisha. Anza na kiasi hicho kabla hujagusa hati yoyote.

Hujasema uongo, ila umesema kwa namna itakayoonekana kama uongo. Hati za miezi mitatu ya kawaida zitaonyesha 105,000 kabla ya makato. Wakala ataandika kwenye ripoti yake kwamba kiasi kilichotajwa hakilingani na hati, na mara nyingi haandiki zaidi ya hapo. HR akisoma mstari huo hatakupigia kukuuliza habari za bonasi. Mwandikie barua pepe leo: msingi 85,000, nyumba 20,000, jumla ya kila mwezi 105,000, saa za ziada na bonasi zilileta jumla ya mwaka kuwa 1,440,000, yaani wastani wa 120,000 kwa mwezi. Soma jumla halisi kwenye P9 yako kabla ya kuandika, usikadirie. Na uiseme bonasi kuwa ni bonasi, isiyo ya uhakika.

Usishawishike kurekebisha hati. Kughushi na kutumia hati ya kughushi ni makosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na hata bila polisi, hesabu yenyewe itakuumbua. Wakala mzoefu haanzi kwa kupiga simu, anaanza na kikokotoo. SHIF, yaani makato ya bima ya afya, ni asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato, na ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5. Kwa 105,000 hiyo ni 2,887.50 na 1,575. Kwa 120,000 ingekuwa 3,300 na 1,800. Anachukua makato ya SHIF, anagawanya kwa 0.0275, na mshahara unajitaja wenyewe. Kisha anahakiki PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara. Kwa viwango vya 2025, mchango wako wa pensheni wa NSSF ulikuwa 4,320. Ukiondoa makato hayo matatu kwenye 105,000 unabaki na 96,217.50 ya kutozwa kodi. Shilingi 24,000 za kwanza ni kwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25, zilizobaki kwa asilimia 30, kisha unatoa nafuu ya 2,400. Kodi inakuwa 21,248.60, na kabla ya mikopo unabaki na 74,968.90. Aliyebadilisha tarakimu ya juu pekee huwa amesahau nne za chini.

Sasa haki zao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 25, inataka data inayokusanywa iwe ya lazima kwa kusudi lililotajwa, na inadai maelezo ya kuridhisha kila anayekusanya anapotaka habari za familia au mambo ya faragha. Hapo ndipo pa kusimama. Waulize kwa maandishi: kila hati ni ya kuthibitisha nini, nani ataiona, na itahifadhiwa kwa muda gani? Huo si ukaidi. Kifungu cha 29 kinawataka wakueleze mambo ya aina hiyo kabla ya kukusanya.

Ukiwauliza, taarifa ya benki ndiyo huanguka kwanza. Kuthibitisha mshahara hakuhitaji kujua unamtumia nani pesa kila Ijumaa, unanunua dawa gani, au unakopa wapi. Kama wanasisitiza kuona kwamba pesa ziliingia kweli, wape mistari mitatu ya kuingia kwa mshahara yenye tarehe, jina la mwajiri na kiasi, mingine yote izibwe.

P9 nayo husingiziwa. Utaambiwa inahitajika kwa ajili ya kodi. Mwajiri mpya anahitaji namba yako ya PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, ili akate PAYE kila mwezi. Wewe mwenyewe ndiye utakayeunganisha P9 za waajiri wawili unapowasilisha ritani kabla ya tarehe 30 Juni. Kwa upande wako, hata hivyo, P9 ina faida: ndiyo hati pekee inayoonyesha mwezi baada ya mwezi, Disemba ikiwemo, kwa hiyo ndiyo itakayothibitisha wastani wako. Ningeitoa hiyo pamoja na hati moja ya malipo, badala ya hati tatu. Nywila ya iTax, tovuti ya kodi ya KRA, usimpe mtu yeyote, hata akikuambia ataingia dakika moja tu.

Hati ya malipo inasema mengi kuliko mshahara. Chini ya makato utakuta mkopo wa masomo wa HELB, michango na mikopo ya Sacco, ada ya chama cha wafanyakazi, wakati mwingine hata makato ya amri ya mahakama kwa matunzo ya mtoto. Hayo yote ziba. Acha jina lako, jina la mwajiri, mwezi, mshahara wa msingi, marupurupu, jumla, na makato ya kisheria, kwa sababu bila hayo ya mwisho hesabu ya wakala haitakamilika na ataishuku hati.

Namna ya kuziba ndipo wengi wanapokosea. Wanachora kisanduku cheusi juu ya PDF na kuituma. Maandishi yako pale pale chini yake: mpokeaji akiburuta kipanya juu ya kisanduku, akanakili na kubandika kwingine, anasoma kila kitu. Chapisha hati kwenye karatasi, paka wino mzito, skani upya, kisha ishike karatasi kwenye mwanga uone kama tarakimu zinapenya. Zikipenya, bandika kipande cha karatasi juu yake na uskani tena. Kwenye barua pepe taja ulichoziba: “Nimeziba makato ya hiari.” Usipotaja, faili iliyoskaniwa huonekana kama iliyochezewa.

Fomu ya idhini nayo isome mstari kwa mstari. Nyingi zimeandikwa “taarifa zozote kutoka chanzo chochote”. Kifungu cha 28 cha sheria hiyo ya data kinaruhusu data yako ichukuliwe kwa mtu mwingine ukiwa umekubali, na cha 32 kinasema mzigo wa kuthibitisha kwamba ulikubali ni wao, na kwamba unaweza kuondoa idhini wakati wowote. Kata mstari huo kwa kalamu, tia sahihi pembeni, uandike:

“Naidhinisha kuthibitishwa kwa tarehe ya kuajiriwa, cheo na aina ya mkataba pekee. Idhini hii haihusu mshahara wala makato. Mwajiri wangu wa sasa asiulizwe lolote kabla sijapokea barua ya ajira iliyotiwa sahihi na kukabidhi notisi. Idhini inakwisha baada ya siku 30.”

Sentensi ya tatu ina mtego mmoja. Ukishatoa notisi halafu uhakiki ukaleta shida, umepoteza kazi mbili. Kwa hiyo omba uhakiki mwingine wote, yaani vyeti, waajiri wa zamani na polisi, umalizike kabla ya barua ya ajira, na barua iseme wazi kwamba kilichobaki ni kuthibitisha tarehe na cheo kwa mwajiri wa sasa, basi.

Mwajiri wako wa sasa, akipigiwa, hana wajibu wa kutaja mshahara wako. Hata cheti cha utumishi, ambacho Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka akupe ukiondoka, kinahitaji tarehe, aina ya kazi na mahali ulipofanyia, mshahara haumo. HR makini atakataa kuzungumzia malipo kwa simu. Tatizo ni kwamba wakala wengine hawapigi HR, wanapiga meneja wanayemfahamu, na huyo hujibu kirafiki. Ndiyo maana idhini inapaswa pia kutaja idara ya kuulizwa.

Kama kampuni hiyo ni tawi la kampuni ya nje, angalia sera yake. California imekataza waajiri kuuliza historia ya mshahara tangu Januari 2018, na agizo la Umoja wa Ulaya la 2023 kuhusu uwazi wa malipo linakataza vivyo hivyo. Sheria hizo hazikufuati hadi Nairobi, lakini HR ambaye makao yake makuu yamezoea kutouliza huelewa haraka ukimwomba afanye hivyo hapa.

Usipopata kazi hiyo, waandikie wafute hati zako na zile alizonazo wakala, na wakuthibitishie. Wakikupuuza, au ukigundua walimpigia mwajiri wako kinyume cha ulichoandika, peleka malalamiko kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ODPC, ukiambatisha nakala ya fomu uliyoikata na barua pepe zako. Sheria inaipa afisi hiyo siku 90 kuamua.