Picha za usiku kuwa na umanjano

Ndugu uliyeuliza kama kamera imeharibika kwa kuwa picha zako za usiku zina umanjano: kamera yako nzima. Umanjano wa picha zako za harusi ya Ngamiani ni wa taa. Balbu za njano hutoa mwanga wa kama Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga; namba ndogo ni njano zaidi) 2,700 hadi 3,000, jua la mchana ni karibu 5,500, na waiti balansi (mpangilio wa kamera unaofanya cheupe kitoke cheupe) ikiachwa kwenye AUTO, kamera ijichagulie, huishia njiani: umanjano hauishi wote. Ingia menyu ya WB (ndiyo hiyo waiti balansi), weka mwenyewe 2,800, kisha panda au shuka ukitazama shela ya bibi harusi mpaka itoke nyeupe. Nami napiga harusi za usiku hapahapa Tanga, na siku zote kwa RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata: rangi unairekebisha baadaye bila kuharibu picha. JPEG, picha ya kawaida ambayo kamera imekwisha kuichakata, ukiivuta sana kwenye buluu inajaa chenga, maana kwenye mwanga wa balbu buluu ndiyo iliyokuwa haba tangu mwanzo.

Ila kama ukumbini kuna balbu na barazani kuna tyubu nyeupe, usihangaike na namba moja, haitazifaa taa zote mbili. Omba wazime mojawapo (mwenye nyumba atanuna, lakini atazima). Taa za barabarani za sodiamu, zile za rangi ya chungwa, hazirekebishiki vizuri. Picha za taa hizo nazigeuza nyeusi na nyeupe tu.