Kabla hujaubana huo mmea kwenye gazeti

Jana vijana wetu wawili wa atachimenti wamerudi kutoka bara ya Sabaki na picha arobaini za simu, zote zimepigwa kutoka juu, pamoja na mmea mmoja uliokwisha kubanwa kwenye gazeti ili ukauke, umenywea kama mchicha wa juzi. Lebo inasema "Salvinia sp.", yaani ni mmea fulani wa jamii ya Salvinia, ile inayoelea majini, spishi haijulikani. Nikauliza: nywele ziko wapi? Wakatazamana. Basi nimeona niandike, maana nikiyasema tena kwa mdomo nitagombana na watoto wa watu.

1. Lenzi inavaliwa shingoni, haikai ndani ya begi. Chukua jani bichi la Salvinia molesta, gugu lenyewe tunalolisaka, lielekeze kwenye jua utazame uso wake wa juu: kila kinundu kina nywele nne zilizoachana katikati na kukutana tena nchani, mfano wa kile kifaa cha waya cha kupigia mayai. Kwa Salvinia minima ncha hazikutani. Lakini auriculata, biloba na herzogii nazo zinakutana vilevile, kwa hiyo usianze kushangilia.

2. Haina mizizi! Kila kifundo kina majani matatu. Mawili yanaelea, la tatu limezama na kuchanikachanika. Aliyeniandikia "mizizi mirefu ya kahawia" ajue sijasahau.

3. Zile punje chini si mbegu. Hapa nikae kidogo.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini. Mzee mmoja huko bara ya Malindi alikuwa na bwawa la kumwagilia mboga na kunyweshea mbuzi, akatuita kwa sababu pembeni pameota kitu cha kijani, eneo lisilozidi jamvi moja. Nikauinua mmea, nikaona chini yake vimening'inia vipunje kwa safu, kama tasbihi. Usiku uliotangulia nilikuwa nimesoma kwamba molesta ni tasa: ina seti tano za kromosomu, jumla 45, na spora zake, zile chembe za uzazi za mimea isiyo na mbegu, hazifai kitu. Nikapiga hesabu kwa ujasiri wa mtu aliyesoma ukurasa mmoja. Huu una uzao, basi si molesta. Kama si molesta, ni Salvinia hastata, ya kwetu Afrika Mashariki.

"Uache tu mzee, huu ni wa kwetu, hauna neno."

"Una hakika, mwanangu?"

Nikasema nina hakika. Na madafu yake mawili nikanywa.

Molesta huzaa vile vipunje tele, ila ukivipasua, ndani kwa kawaida hamna spora iliyo hai. Tena nilikuwa nimeubana mmea palepale bwawani, jiwe juu, nywele zote zikalala. Mkubwa wangu alipouweka chini ya hadubini hakuweza kujua kama ncha zilikutana au la. Aliandika alama ya kuuliza kwa penseli, akanirudishia bila neno. Majani mawili tu ndani ya kichupa cha spiriti yangetosha, tungejua jioni ileile.

Nilirudi baada ya masika. Bwawa halionekani. Majani yaliyokuwa bapa yamekunjana na kusimama, yamebanana kama vitabu vilivyofunguliwa nusu. Mbuzi mmoja alidhani ni majani ya malisho, akaingia hadi shingoni. Alitolewa mzima, alhamdulillahi. Mzee hakunilaumu. Alinikabidhi ndoo. Siku nne tulivuta kwa reki na kumwaga mbali, pakavu, maana kipande chenye chipukizi kikirudi majini mnaanza upya.

Nilipoteza usingizi, mpaka nikajua wakubwa nao waliteleza hapohapo. Kabla ya mtaalamu wa mimea Mitchell kuipa molesta jina lake mwaka 1972, watu waliiita auriculata, na mbawakawa waliosakwa wa kuila walitolewa kwenye Salvinia nyingine. Wakaachiliwa, gugu likaendelea kustawi. Mbawakawa sahihi alipatikana baada ya molesta yenyewe kugunduliwa kwao, kusini-mashariki mwa Brazil. Mwaka 1980 akatiwa katika ziwa Moondarra, Australia, na ndani ya mwaka na kitu akalimaliza gugu. Hata yeye alidhaniwa ni Cyrtobagous singularis hadi 1985, ndipo akaitwa C. salviniae.

4. Chukueni mmea wa katikati na wa ukingoni. Mmea mchanga ni bapa, mkubwa umekunjana, na ni kitu kimoja. Msiniletee spishi tatu kutoka bwawa moja.

5. Azolla ni ndugu yake wa ukoo, vijani vidogo mno, hugeuka vyekundu juani. Pistia si ndugu hata kidogo, huyo ni wa ukoo wa magimbi. Na lile gugumaji la maua ya zambarau lililofunika Ziwa Victoria lina vikonyo vilivyovimba. Anayelichanganya na Salvinia aende akapime macho.

6. Nyavu, ndoo na buti zioshwe na kukaushwa kabla ya kwenda bwawa jingine. Mimi huosha mbele ya mwenye bwawa, aone kwa macho yake. Yule mzee bado tunakutana sokoni, na haniiti kwa jina. Hunyoosha kiganja, akauliza: "Lenzi iko wapi?" Nami humwonyesha shingoni.